Funika Kombe, Mwanaharamu Apite

Methali hii sisi watu wa Mwambao hatuhitaji kufundishwa. Tumelelewa nayo. Jambo la aibu likizuka mtaani, wazee hutazamana barazani, mmoja akakohoa, na mwingine akasema kwa sauti ya chini: "Tufunikeni kombe, mwanaharamu apite." Basi yakaisha, au tuseme yakaonekana yameisha.

Kombe la methali ni ile sahani kubwa ya kupakulia chakula. Lakini liko kombe jingine tunalolijua sote, lile linalong'aa, linaloinuliwa na nahodha wa timu huku watu wakipiga makofi na vigelegele. Leo nataka kuzungumza juu ya mahali ambapo makombe haya mawili yamekutana. Mahali penyewe ni vyuo vikuu vya Marekani, ambako mara nyingi limefunikwa lile la aibu ili lipate kuinuliwa hili la ushindi.

Jambo lenyewe ni zito, na si la kuzungumzwa mbele ya watoto wadogo, lakini wazazi hawana budi kulijua. Ni habari ya wasichana wanaosema kwamba wamenajisiwa na wachezaji mashuhuri wa vyuo, na habari ya polisi wa chuo, ambao aghalabu ndio wa kwanza kuyapokea malalamiko hayo.

MWAMBA NGOMA

Huenda msomaji akadhani kwamba polisi wa chuo ni mabawabu wa langoni, wenye rungu na tochi, kazi yao kutazama vitambulisho. La, hasha! Chuo Kikuu cha Yale kilianza kuwa na polisi wake tangu mwaka 1894, kwa askari wawili waliotolewa katika polisi wa mji wa New Haven. Katika uchunguzi uliofanywa na Wizara ya Sheria ya Marekani kwa mwaka wa masomo wa 2011-12, juu ya vyuo vya miaka minne vyenye wanafunzi 2,500 na zaidi, ilionekana kwamba vyuo vitatu katika kila vinne vilikuwa na askari wenye silaha. Wengi wa askari hao wamekula kiapo. Wanakamata watu, wanapeleleza kesi, na wanaandika ripoti kama polisi wowote wale. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: mshahara wao unatoka chuoni, na mkubwa wao hujibu maswali mbele ya wakuu wa chuo.

Sasa mtazame mchezaji. Mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega yaliyotunishwa, si mchezo wa jioni baada ya masomo. Ni biashara. Viko viwanja vya vyuo vinavyoingiza watu zaidi ya 100,000 kwa mechi moja. Katika majimbo mengi mtumishi wa umma mwenye mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala jaji, bali ni kocha wa timu ya chuo. Kijana wa miaka 19 mwenye mkono mzuri wa kurusha mpira anaweza kukiletea chuo chake mamilioni ya dola, watazamaji wa televisheni na wafadhili wenye mifuko mizito.

Wahenga walisema: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Basi mtu anapokwenda kumshtaki mchezaji huyo kwa polisi wa chuo kile kile, ni nani asiyejua ngozi itavutwa upande gani? Sisemi kwamba kila askari wa chuo ni mtu mbaya. Nasema kwamba amewekwa mahali ambapo hata mtu mwema atapata taabu kuwa mwadilifu.

YALIYOTOKEA FLORIDA

Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, katika mji wa Tallahassee. Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2012 mwanafunzi wa kike alitoa taarifa kwamba amenajisiwa. Polisi wa chuo ndio waliompokea kwanza, kisha, kwa kuwa tukio lilisemekana kutokea nje ya uwanja wa chuo, wakaipeleka kesi kwa polisi wa mji. Msichana alipimwa hospitali usiku ule ule. Hakumjua mtu mwenyewe kwa jina, lakini Januari 2013 alimtambua darasani na akapeleka jina lake polisi. Alikuwa mchezaji aliyetarajiwa kuwa nyota wa timu.

Jina la kijana huyo sitalitaja hapa, ijapokuwa linajulikana dunia nzima, kwa sababu hakushtakiwa mahakamani, na yeye mwenyewe siku zote amesema kwamba waliridhiana. Ninalolitazama mimi si hatia yake, bali ni kazi ya waliokabidhiwa kuutafuta ukweli.

Nao walifanya nini? Mpelelezi alimpigia simu! Hakumwendea ana kwa ana. Alimpigia simu, na baada ya hapo wakili akasema kijana hatazungumza. Vipimo vya DNA havikuchukuliwa. Picha za kamera za baa ambako msichana na kijana walikuwapo usiku ule hazikuombwa mapema, nazo zikapotea. Rafiki wa mchezaji alikuwa amerekodi kwa simu yake sehemu ya mambo yale; nayo ikafutwa kabla polisi hawajaitazama. Februari 2013 faili likawekwa kabatini.

Uchunguzi uliochapishwa na gazeti la The New York Times mwezi Aprili 2014 ulieleza kwamba wakuu wa idara ya michezo ya chuo walikuwa na habari tangu Januari 2013, na chuo hakikufanya uchunguzi wake. Gazeti hilo lilieleza pia kwamba mpelelezi wa polisi ya mji alikuwa amewahi kufanya kazi ya ulinzi ya kibarua kwa chama cha wafadhili wa timu za chuo. Yaani hata polisi wa mji, asiyelipwa na chuo, alikuwa ameonja chungu hicho hicho.

Habari zilipofika magazetini Novemba 2013 ndipo vipimo vikachukuliwa, navyo vikalingana na vya mchezaji. Lakini miezi kumi na moja ilikuwa imepita. Tarehe 5 Desemba 2013 mwendesha mashtaka alitangaza kwamba ushahidi hautoshi kufungua kesi, na hakuficha kwamba upelelezi wa mwanzo haukumpendeza. Siku tisa baadaye kijana alitunzwa tuzo ya Heisman, iliyo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo, na tarehe 6 Januari 2014 timu yake ikatwaa ubingwa wa taifa.

Desemba 2014 jaji mstaafu aliyeitwa na chuo kusikiliza shauri alisema kwamba hakupata ushahidi wa kutosha wa kumtia kijana makosani. Januari 2016 chuo kilikubali kulipa dola 950,000 ili kumaliza kesi ya msichana, bila ya kukiri kosa. Je, nani aliyepata haki hapo? Msichana hakuipata, kwa sababu hajui kama maneno yake yangesimama mahakamani. Na kijana, iwapo ni kweli hana kosa, hakuipata vile vile, kwa sababu ule ushahidi ambao ungeweza kumtakasa ndio huo huo uliopotea. Ataishi na neno lile mpaka mwisho wa maisha yake.

NGOJA NGOJA HUUMIZA MATUMBO

Mfano wa pili ni wa huzuni zaidi. Mwishoni mwa Agosti 2010 msichana wa chuo jirani alipeleka malalamiko kwa polisi wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, katika jimbo la Indiana, kwamba mchezaji wa mpira wa chuo hicho amemshika kwa nguvu. Baadaye alipata ujumbe wa simu kutoka kwa rafiki wa mchezaji, ukimwonya kwamba kujiingiza katika mambo ya timu ile si jambo la busara. Siku kumi baada ya tukio msichana alijitoa roho. Polisi wa chuo walimhoji mchezaji kwa mara ya kwanza siku 15 baada ya kupokea malalamiko. Msichana alikuwa amekwisha kufariki dunia.

Mwendesha mashtaka hakufungua kesi, na kamati ya nidhamu ya chuo haikumwona kijana na hatia. Inawezekana walikuwa sawa. Lakini kwa nini siku 15? Mtu akiibiwa baiskeli, polisi hungojea nusu ya mwezi ndipo wamwulize anayeshukiwa? Mwaka 2011 chuo kilifanya mapatano na Wizara ya Elimu ya Marekani ya kubadili namna ya kushughulikia malalamiko kama hayo.

Hadithi haikuishia hapo. Waandishi wa shirika la televisheni la ESPN walipotaka kutazama ripoti za polisi wa Notre Dame zinazohusu wanamichezo, chuo kilikataa. Kesi ikafika Mahakama Kuu Kabisa ya Indiana, na Novemba 2016 ikaamuliwa kwamba polisi wa chuo hicho cha binafsi hawafungwi na sheria ya kufungua kumbukumbu za umma. Fikiri, msomaji: watu wenye bastola kiunoni na uwezo wa kukutia pingu, lakini daftari lao ni siri ya chuo!

CHUO CHA DINI NACHO

Asije mtu akadhani kwamba haya ni ya vyuo vya watu wasiojali dini. Chuo Kikuu cha Baylor, katika mji wa Waco huko Texas, ni cha Wabaptisti, na kilijulikana kwa masharti makali ya mwenendo wa wanafunzi. Mwezi Mei 2016 baraza la chuo lilitoa muhtasari wa uchunguzi uliofanywa na mawakili wa kutoka nje. Humo ilionekana kwamba baadhi ya watu wa timu ya mpira walikutana wenyewe na wasichana waliolalamika, au na wazazi wao, kisha wasiyapeleke malalamiko panapohusika. Na kwamba timu ilikuwa na namna yake ya kuadhibu, mbali na sheria za chuo, hata ikaonekana kana kwamba mpira uko juu ya sheria.

Kocha Art Briles alifukuzwa. Ken Starr aliondolewa katika urais wa chuo. Wasomaji wa umri wangu watalikumbuka jina hilo: ndiye mwanasheria aliyemwandama Rais Clinton mwaka 1998 katika ule mkasa wa msichana wa Ikulu. Mtu aliyeandika mamia ya kurasa juu ya aibu ya nyumba ya jirani, yakamshinda ya nyumba yake mwenyewe.

Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilikitoza chuo hicho faini ya zaidi ya dola 460,000 kwa kuvunja sheria ya kutangaza hesabu za uhalifu chuoni. Lakini chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilipotoa uamuzi wake Agosti 2021, kilisema kwamba hakina kanuni ya kukiadhibu chuo kwa kutopeleka mbele malalamiko ya kunajisi. Faini yake ilikuwa dola 5,000. Yaani chama hicho kilikuwa na kanuni za kumwadhibu mwanafunzi aliyepewa chakula au safari ya bure, lakini kwa hili hakikuwa na neno.

HAKI HAINA UPANDE

Liko jambo ambalo ni lazima lisemwe, hasa mbele ya watu wanaojua uzito wa kumsingizia mtu uchafu. Si kila anayeshtakiwa ametenda. Mwaka 2006 wachezaji watatu wa Chuo Kikuu cha Duke, katika jimbo la North Carolina, walishtakiwa kumnajisi mwanamke aliyeajiriwa kucheza dansi katika karamu yao. Safari hii polisi wa mji na mwendesha mashtaka hawakuchelewa, walikimbilia hukumu. Mwanamke alionyeshwa picha za wachezaji wa timu peke yao, ikawa hata akidole jicho gizani atapata mtu wa kumtaja. Mwendesha mashtaka aliyaficha matokeo ya vipimo vya DNA yaliyowafaa vijana. Aprili 2007 Mwanasheria Mkuu wa jimbo alitangaza kwamba vijana wale hawana hatia, na mwendesha mashtaka akapokonywa uwakili. Desemba 2024 mwanamke mwenyewe alikiri hadharani kwamba alisema uwongo.

Wako wanaoitumia kesi ya Duke kama ngao ya kukataa kila malalamiko. Mimi naiona kinyume. Florida na Duke ni ndugu wa tumbo moja. Kule ushahidi haukutafutwa kwa sababu mtu alitaka mchezaji asiguswe. Huku ushahidi ulipotoshwa kwa sababu mtu alitaka mchezaji atiwe ndani. Pote pawili aliyedhulumiwa ni ukweli.

Na kwamba kazi hii inawezekana, tuna mfano wa Chuo Kikuu cha Stanford, California. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari 2015 wanafunzi wawili kutoka Uswidi, waliokuwa wakipita kwa baiskeli, walimwona kijana juu ya msichana aliyezirai. Wakamkimbiza, wakamshika mpaka askari wa chuo walipofika. Kijana alikuwa mwogeleaji hodari wa timu ya chuo. Askari hawakumpigia simu wiki mbili baadaye. Walimkamata usiku ule ule, na msichana akapelekwa hospitali. Machi 2016 alitiwa hatiani kwa makosa matatu. Jaji alimfunga miezi sita tu, akatoka baada ya mitatu, na mwaka 2018 wananchi wakamwondoa jaji huyo kwa kura. Ulegevu uliotokea ulikuwa wa hukumu, wala si wa ushahidi, kwa kuwa ushahidi ulikusanywa ungali mbichi.

SITARA NI YA MTU

Sasa nirudi kwetu barazani. Kwetu sitara ni jambo jema. Anayemsitiri mwenziwe husifiwa, na anayeanika siri za watu sokoni hudharauliwa. Sitaki tuiache tabia hiyo. Lakini sitara ni ya mtu, haikuwekwa iwe ya dhuluma. Kulificha jina la msichana ni sitara. Kulificha jina la kijana ambaye hajashtakiwa nako ni sitara. Ama kulificha faili, kulikalia mpaka picha zifutike na mashahidi wasahau, huko si kusitiri mtu, ni kumsaidia mkosaji kukimbia.

Haya yanatuhusu kwa sababu tuna watoto huko. Tangu miaka ya 1970 wakimbiaji wetu wamekwenda kusoma Marekani kwa nguvu za miguu yao. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Wako wavulana wetu walio katika timu hizo, na wako wasichana wetu walio katika mabweni hayo. Mzazi wa Kenya anaweza siku moja kuamshwa usiku kwa simu kutoka huko, na asijue kama mwanawe ndiye analalamika au ndiye analalamikiwa. Siku hiyo atakachokitamani ni kimoja tu: mpelelezi asiye na deni kwa yeyote.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Malalamiko yoyote ya namna hii dhidi ya mchezaji wa chuo yapelekwe siku ile ile kwa wapelelezi wa nje, wasiolipwa na chuo wala na wafadhili wa timu. Kocha asiambiwe kabla ya maelezo kuandikwa na vipimo kuchukuliwa. Askari asipokee kibarua kutoka kwa chama cha mashabiki. Na kumbukumbu za polisi wa chuo, kiwe cha serikali au cha binafsi, zifunguliwe, majina ya watu yakisitiriwa.

Nanyi wazazi mnaojiandaa kupeleka watoto, iko njia ya kuuliza kabla ya kulipa nauli. Mwaka 1986 msichana wa miaka 19, Jeanne Clery, aliuawa katika bweni lake huko Pennsylvania, na wazazi wake hawakukaa kimya. Kwa juhudi zao ilipitishwa mwaka 1990 sheria inayovilazimisha vyuo kutangaza hesabu za uhalifu. Ripoti hutolewa kila mwaka kabla ya kufika tarehe 1 Oktoba, na mzazi yeyote anaweza kuiomba. Isomeni. Na mkikiona chuo kikubwa chenye maelfu ya vijana kinachodai kwamba kwake hakujatokea hata tukio moja, msifurahi upesi. Ulizeni kombe limefunikwa na nani.

Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Vyuo hivyo viliogopa kumliza mchezaji mmoja, vikaishia kulia vyenyewe, kwa mamilioni ya fidia na majina yaliyochafuka. Lakini aliyelia kwanza, na anayelia mpaka leo, ni mtoto wa watu.